Maji Yasiyo na Mvua

Mvua ilinyesha mbali, ng'ambo ya majabali ya magharibi. Hapa kwenye hifadhi, nje ya Riyadh, hakukudondoka hata tone, na hilo ndilo lililomnyima Robinson amani. Alikuwa mlinzi. Kila asubuhi ya majira ya baridi alikagua njia ya bondeni kabla ya wageni kuingia. Leo mchanga ulikuwa umelowa kutoka chini, dalili kwamba maji ya mvua ile ya mbali yalikuwa njiani.

Alimpigia bosi wake simu. "Bosi, tufunge njia ya chini."

"Mafi mvua, Robinson, hakuna! Kuna wageni wametoka Jeddah. Fungua haraka, yalla."

Akaitikia, lakini hakufungua. Alishuka tena kuhakikisha. Akiwa amekosea, atarudishwa Kenya mikono mitupu. Akiwa amepatia, je?

Penye migunga alimkuta mwanamke ameketi juu ya mkeka, amezungukwa na vikapu na chupa za chai, akijiimbia kwa Kiswahili.

"Dada! Umepitia wapi?"

Yule mwanamke akaruka kwa mshtuko. "Huko juu tulikoegesha gari. Kumbe wewe ni Mkenya?"

"Ndiyo. Inuka twende, maji yanakuja."

Mwanamke akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. "Maji gani? Madam amenituma nishike nafasi, wanakuja na watoto. Akinikosa hapa nimekwisha."

"Unaitwa nani?"

"Eddah."

"Eddah, kama ni kufukuzwa tutafukuzwa sote. Inuka tu, tafadhali."

Eddah akasitasita, kisha akaanza kukusanya vikombe. Hapo wakasikia mngurumo, kama lori linalomwaga kokoto. Robinson akamshika mkono, wakapanda jabali kwa magoti na kucha. Walipogeuka, maji ya rangi ya matope yalikuwa yamejaa bonde, yakisukuma magogo na miiba. Mkeka haukuonekana tena.

"Watoto!" Eddah akapiga kelele.

Wakakimbia ukingoni. Ile familia ilikuwa inateremka, baba mbele, wasichana wawili wamemshika kanzu. Eddah aliwapigia ukelele kwa Kiarabu mpaka sauti ikakauka. Baba akasimama, akawavuta wanawe nyuma.

Madam alipowafikia aliangalia kwanza mikono ya Eddah.

"Vitu viko wapi?"

Eddah akaonyesha chini. Madam akachungulia. Akaketi juu ya jiwe.

Baba ndiye aliyempigia bosi, kwa simu ya Robinson. "Halas, basi," sauti ikasikika kwenye simu, "afunge." Kisha familia ikaondoka kwa gari. Eddah alikaa nyuma kati ya watoto, na kwa jinsi kioo kilivyokuwa cheusi Robinson hakuweza kujua kama alikuwa analia au amelala.

Njia ilikuwa na tawi lingine upande wa kaskazini, na hakuwa amelikagua. Akalifuata kwa juu, akiita kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kila alipoita alitega sikio kama kuna mgeni mwingine wa kumjibu.