Maji ya Pakodi Yako Wapi?

Siku Mjomba Banwari alipopanda treni kwenda kuposa, alibeba karai. Wapo waendao kuposa na maua, na wapo waendao na mshenga mwenye maneno matamu. Mjomba wangu alikwenda na karai jeusi, mwiko wa matundu, mfuko mzito wa unga wa dengu, na mimi. Katika mizigo yote hiyo, alisema, mimi ndiye niliyehitaji kuangaliwa zaidi.

Nilikuwa likizo. Shule yetu ya bweni iko milimani, na imenifunza mambo mawili ambayo hayatanitoka: kusema "ndiyo, mwalimu" kwa uso wa mtakatifu, na kula chochote kisichokimbia. Mama alimwomba kaka yake anichukue ili nyumba ipate kupumzika.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mjomba ana kibanda cha pakodi mjini Kanpur. Pakodi, kama ajuavyo kila mtoto wa Kanpur, ni tonge la unga wa dengu lililochanganywa na vitunguu na pilipili, likakaangwa mpaka likawa la dhahabu. Watu husimama kwenye mvua kuzisubiri za Mjomba. Mwaka jana, kwenye harusi ya rafiki yake, alikutana na Falguni, muuguzi kutoka Palanpur, kule Gujarat. Falguni alipomuuliza anafanya kazi gani, Mjomba alijibu, "Mimi ni mtu wa pakodi." Falguni akashika kifua. Pakodi! Hapakuwa na kitu duniani alichokipenda kama pakodi! Tangu siku hiyo simu ya Mjomba haikupoa.

Kikwazo kilikuwa mama yake Falguni, Kokilaben.

"Mama hataki maneno," Falguni alimwambia Mjomba kwenye simu. "Njoo umtengenezee pakodi, kwisha. Akiridhika, tumepona. Asiporidhika, Banwari, ananioza kwa yule mwenye duka la matairi, na jibu lake anampa wiki hii."

Mjomba alikata simu akicheka peke yake. "Pakodi!" akaniambia. "Mungu kaniletea mtihani pamoja na majibu yake."

Njiani tulikula kila kituo kilichokuwa na kitu cha kuliwa. Mjomba alisema hiyo ilikuwa kazi, si ulafi. Jaipur tulinunua dirishani kachori za vitunguu, zile zenye ganda la unga. Akauma, akafumba macho kama jaji aliyeombwa hukumu ya kifo.

"Ganda limesimama," akasema. "Lakini vitunguu vimekatwa na mtu mwenye haraka."

Ajmer muuzaji alivunja kachori juu ya jani, kisha akaimwagia mchuzi wa moto wa maziwa ya mgando mpaka ikazama. Mjomba alishika kichwa.

"Wewe bwana, huo si uonevu? Mtu katoa jasho kukikaanga kitu kikauke, halafu wewe unakiogesha?"

"Mzee, wenzako wanakula wanalia kwa utamu," muuzaji akajibu. "Wewe unalia bila kula."

"Prakhar, nisikilize," Mjomba akanigeukia. "Kitu cha kukaanga na maji ni maadui. Siku utakayoniona namwagia maji kitu nilichokikaanga, nipeleke hospitali."

Nilimwahidi kwa moyo wote, huku nikimalizia sehemu yake. Abu Road tulikula rabdi kwenye vikombe vya udongo, maziwa yaliyochemshwa mpaka yakasahau kuwa ni maziwa. Hiyo haikukaangwa, akasema, kwa hiyo haimhusu. Alilamba kikombe mpaka kikabaki kama kilivyotoka kwa mfinyanzi.

Palanpur tulifikia nyumba ya wageni, na Mjomba akaanza kukata vitunguu vya jioni.

"Nenda kule kwenye lango la zamani," akaniagiza. "Nasikia ndiko Kokilaben ananunua pakodi zake. Niletee nionje. Jenerali haingii vitani bila kumpeleleza adui."

Kwenye lango nilikuta mkokoteni umezungukwa na wanawake, kila mmoja na bakuli lake la majani mkononi. Katikati alisimama bwana mwenye masharubu, mkono umezama kwenye chungu hadi kwenye kiwiko.

"Kaka, nataka pakodi," nikasema.

"Shika bakuli. Kali au ya wastani?"

Nilitazama mkokoteni wake. Palikuwa na mlima wa puri, vile vimkate vya duara vya kukaanga, vyembamba kama ganda la yai, vyenye hewa ndani. Unakitoboa kwa kidole, unakijaza viazi, unakizamisha kwenye maji ya mnanaa, ukwaju na pilipili, unakitia mdomoni kizima. Kila mtu anavijua.

"Kaka, hizi ni batashe."

"Batashe ndiyo nani? Shangazi yako?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akaniuliza, "Mtoto, unatoka wapi wewe?"

"Kanpur."

"Na huko Kanpur pakodi ni nini?"

Nikawaeleza: unga wa dengu, vitunguu, pilipili, mafuta ya moto. Mwenye masharubu akanitazama kwa huruma kubwa.

"Hizo ni bajia, mwanangu. Ba-ji-a. Pakodi ndiyo hii. Fungua mdomo."

Nikafungua. Maji yakapasuka kinywani, machozi yakanitoka, pua nayo ikaanza kushindana na macho. Nikashika bakuli nipewe nyingine, kisha nyingine. Nilipoinua mkono kusema basi, bila kuulizwa akaniwekea kiganjani ile kavu ya mwisho, ya bure, isiyo na maji, iliyonyunyiziwa chumvi ya viungo. Hapo angalau Palanpur na Kanpur zilielewana.

Halafu nikaelewa na mengine. Falguni alikuwa amempenda muuza batashe, na Mjomba Banwari hakuwahi kuuza batashe hata moja maishani mwake.

Mtu mwema angekimbia kumwambia. Na mimi nilikimbia. Halafu nikatembea. Halafu nikarudi kwenye mkokoteni, nikanunua mfuko wa zile puri na viazi vyake, na maji yake kwenye mfuko mwingine uliofungwa kwa uzi, nikavificha kwenye begi langu la shule. Nilimheshimu sana Mjomba. Lakini utani wa namna ile binadamu haupangi. Unakuta umeshaiva, na wewe umesimama chini yake na mdomo wazi. Nilikusudia kumwambia, ila kwa wakati wake.

"Ziko wapi?" Mjomba akauliza.

"Zimekwisha, Mjomba. Nilionja tu."

"Haya, sema ukweli. Zangu zimezizidi nini?"

Nikafikiri kwa makini. "Ukavu, Mjomba."

Akanipiga begani kwa furaha. "Ukavu! Ndiyo siri yenyewe!"

Jioni Kokilaben alitupokea akiwa ameketi kwenye bembea ya sebuleni, anajisukuma polepole kwa kidole cha mguu. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani, na alitukagua kuanzia viatu hadi karai. Mezani paliwekwa boksi la peremende za maziwa, limefungwa utepe mwekundu.

"La mwenye matairi," Falguni akatunong'oneza. "Mama akilifungua akala, ndiyo amekubali."

Mjomba akaweka karai uani. Naomba niseme ukweli: hajawahi kukaanga vile. Harufu ilivuka ukuta, majirani wakachungulia. Akapanga matonge yake kwenye sinia, moja moja, akaingia nayo sebuleni kwa mikono miwili.

Kokilaben akatazama sinia. Kisha akatazama nyuma ya Mjomba, kama anayengoja mtu wa pili aingie.

"Bajia nzuri," akasema. "Za kuanzia. Pakodi ziko wapi?"

"Ndizo hizi, Mama."

"Hizi?"

"Hizi hizi, Mama."

Bembea ikasimama. "Na maji yake yako wapi?"

Mjomba akakimbia jikoni, akarudi na glasi ya maji ya kunywa, akamnyooshea huku ameinama.

Kokilaben akaitazama ile glasi. Nilijiuma shavu la ndani kwa nguvu zote nilizopata katika elimu yangu.

"Falguni," mama akasema taratibu, "huyu bwana amekudanganya mwaka mzima. Mtu wa pakodi, na pakodi haijui! Kesho atatuambia ni rubani."

"Mama, ngoja kwanza..."

"Nimengoja vya kutosha." Akalivuta boksi, akaanza kufungua utepe.

Nilimgeukia Mjomba nione uso wake, maana huo ndio niliokuwa nimeungoja tangu mchana. Mjomba, ambaye hubishana hata na vituo vya treni, alikuwa bado ameinama, glasi ameinyoosha kwa mtu asiyeitaka. Nikakitafuta kicheko changu, sikukiona.

"Mama, usile!" nikaropoka. "Maji yapo!"

Nikalimwaga begi langu mezani: vitabu, soksi, mfuko wa puri na mfuko wa maji.

"Batashe!" Mjomba akasema.

"Pakodi!" Kokilaben akasema.

"Hizi ni batashe, Mama! Pakodi ni zile!"

"Zile ni bajia!"

"Bajia ndiyo nini?"

Falguni akaanza kucheka. Akajishikilia kwenye mnyororo wa bembea, akashindwa, akakaa sakafuni. "Mwaka mzima!" akasema akifuta macho. "Mwaka mzima namsifia batashe, na yeye ananishukuru kwa ajili ya bajia!"

Kokilaben hakucheka. Utepe ulikuwa bado mkononi mwake. "Sawa, neno limepotea njiani. Lakini mimi bado sijui huyu ni mtu gani. Huenda anauza viatu."

Mjomba akaweka glasi chini, akanawa mikono, na Falguni akaleta bakuli mbili, moja ya maji ya puri na moja ya mama yake. Akakaa mbele ya bembea, akatoboa puri kwa kidole gumba, akajaza, akazamisha, akaweka kwenye bakuli la Kokilaben. Hakumtazama usoni, alitazama koo. Lilipomeza tu, ya pili ilikuwa imeshafika. Hakumharakisha, wala hakumchelewesha. Lakini nusu ya puri zilikuwa zimevunjwa na kitabu changu cha hesabu, na punde mfuko ukawa mtupu. Bakuli la Kokilaben bado lilikuwa limenyooshwa.

Mjomba akatazama sinia. Akanitazama mimi. Wote wawili tulikuwa tunaikumbuka Ajmer. Kisha, kama mtu anayeuza shamba la baba yake, akachukua tonge lake la dhahabu, akalitoboa kwa kidole, akalimwagia maji.

Kokilaben akatafuna. "Mbaya," akasema. Akatafuna tena. "Mbaya sana."

Akanyoosha bakuli.

Akala nyingine, na nyingine, kila moja akiitukana. Maji yalipokwisha, Mjomba, bila kuambiwa na mtu, alichukua tonge moja kavu, akalinyunyizia chumvi ya viungo. Alipoinua kichwa kumpa, kiganja cha Kokilaben kilikuwa kimeshafunguka.

Mama akakitazama kiganja chake, kisha Mjomba.

"Kumbe na kwenu mnatoa ile kavu?"

"Mama," Mjomba akasema, "mimi sijawahi kuuza batashe, lakini kavu ya mwisho natoa. Kule Kanpur ukisahau kuitoa, watu wanakupindulia kibanda."

Kokilaben akaila polepole mpaka ikaisha. Kisha akarudisha bembea kwenye mwendo wake, na kwa mkono mmoja akalisukuma lile boksi la peremende mpaka mbele yangu.

"Kula wewe, mtoto. Mwenye matairi nitamnunulia jingine, nimrudishie."

Falguni akajifunika uso kwa upindo wa sari. Mjomba akakaa chini pale pale alipokuwa, kama gunia lililokatwa kamba, akacheka bila sauti. Nami, kwa unyenyekevu, nikafungua boksi.

Ndipo Mjomba alipoacha kucheka. Akauokota ule mfuko mtupu wa maji, akauinua kwenye taa, akautazama uzi wake.

"Prakhar, mpwa wangu," akaniita kwa sauti laini kuliko zote nilizowahi kusikia kutoka kwake. "Hizi batashe ulizinunua saa ngapi?"

Kwa bahati nzuri mdomo ulikuwa umejaa peremende, na shule yetu ni kali sana kuhusu kuongea na chakula mdomoni. Nikachukua nyingine.