Stakabadhi ya Mjomba

Wanawake wa Mkunya huteremka bondeni kuchota maji alfajiri, kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo Mwalimu Danieli, akirudi kutoka mkutano wa walimu Masasi, alipokutana nao adhuhuri wakipanda na madebe kichwani, alijua kuna maiti ya kuoshwa. Alimwamkia Bimdogo, bibi kizee aliyetangulia. Bibi hakuitikia marahaba.

"Wahi kwa dada yako," alisema. "Ni Isabela."

Miezi minne kabla, katika mwaka ule wa 1954, baraza la Newala lilibishana siku mbili juu ya zahanati. Dawa zilikuwa zikiisha kabla ya mwezi kuisha. Mzee Shamte alitaka kila mgonjwa atibiwe bure, hata wanaovuka Ruvuma kutoka kwa Wareno. Wengine walisema hazina ni jasho la walipa kodi. Danieli, ambaye alipenda kusikilizwa kuliko alivyokuwa tayari kukiri, alisimama na njia ya kati: mwenye stakabadhi ya kodi atibiwe bure, yeye, mkewe na watoto aliowazaa. Wengine walipe shilingi moja.

Shamte aliuliza kwa upole, wapwa je? Huku juu mlimani mtoto ni wa mjomba, na Danieli mwenyewe alilelewa na kusomeshwa na mjomba wake. Lakini siku hiyo Bwana Shauri, ofisa wa serikali ya Kiingereza, alikuwa amekaa mbele, na misheni ilikuwa imemfundisha Danieli kwamba nyumba ni baba, mama na watoto wao. Alitaka aonekane mtu aliyestaarabika. "Tukianza na wapwa hatutamaliza," alijibu, na baraza likacheka, likapitisha.

Silvano, mume wa dada yake Dorothy, alikwenda kufanya kazi ya mkonge Lindi na stakabadhi yake mfukoni, maana njiani askari huwadai vibarua waionyeshe. Nyuma yake mtoto wao Isabela, wa miaka saba, akashikwa na kifua. Dorothy alifanya jambo ambalo mama yeyote wa kwao angefanya: alikwenda nyumbani kwa kaka yake. Danieli hakuwapo, lakini mkewe Mabel alifungua sanduku bila kusita, akampa stakabadhi ya mumewe. Dorothy akambeba mtoto mgongoni mpaka Newala.

Mtoa dawa alisoma jina, akauliza Danieli ni nani kwa mtoto. Aliposikia ni mjomba, aliirudisha karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kazi yake. Alieleza kwamba sheria inataka baba, tena aliyeipendekeza ni huyo huyo mwenye stakabadhi.

Baadaye watu walisema Dorothy angekopa shilingi. Pengine. Yeye alirudi nyumbani kumngoja kaka yake, aliyetarajiwa kesho yake, kwa kuwa aliyeifunga sheria ndiye angejua kuifungua. Danieli alikawia siku mbili zaidi Masasi. Walimu walikuwa wamemwomba ahutubie tena.

Sasa alisimama kaburini. Katekista alikuwa amemaliza sala. Kwa desturi yao mjomba ndiye hutupa udongo wa kwanza, na kabla yake hakuna mkono unaogusa jembe. Danieli aliinama, akachota udongo. Dorothy, ambaye hakuwa amemtazama tangu afike, alisogea akamshika kifundo cha mkono.

"Mwalimu," alisema. Tangu alipojifunza kusema hakuwahi kumwita ila kaka. "Kule Newala niliwaonyesha jina lako. Wakaniambia mtoto huyu si wako."

"Dada yangu..."

"Niliwabishia. Nilisema ni wake, ni wake kuliko baba yake. Nilibisha mpaka nikalia." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. "Sitabisha tena."

Akamwachia mkono, akarudi alipokuwa. Danieli alitaka kusema Isabela ni wake, akaona haya mbele ya jeneza dogo namna ile. Aliumia hata akashindwa kulia. Udongo ulimtoka vidoleni kidogo kidogo, ukaanguka miguuni pake, kando ya shimo.

Wanaume walisimama na majembe yao wakitazamana, maana hapakuwa na mwingine wa kuanza.