Sikio la Amédée

Mjini Kamina hakuna anayenunua chombo chenye injini kabla Amédée Kabwe hajakiwekea sikio. Awe mwalimu aliyeona pikipiki iliyotumika, awe mjane wa askari wa Base, kambi ya jeshi, anayetaka kuuza jenereta ya marehemu, wote hupitia kwanza gereji yake ya mabati kando ya njia ya reli. Amédée huwasha, hufumba macho, huinamisha kichwa. Kisha hutamka "iko muzima" au "iko na kifua", na biashara inakamilika au inakufa papo hapo. Sikio hilo alilipata ujanani katika karakana ya reli, na mji mzima unaliamini kuliko karatasi za dukani.

Lakini sikio hilo lilikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyeilipia. Kila baada ya wiki tatu au nne lilisubiri pikipiki moja nyekundu ivuke reli huku ikikohoa. Wengine walisikia pikipiki mbovu. Amédée alimsikia Rehema. Hapo alijifuta mikono, akaisogeza kivulini ile stuli yake moja isiyoyumba, kisha akainama juu ya injini yoyote iliyokuwa karibu ili akutwe ana shughuli.

Rehema ni mfanyabiashara wa samaki wakavu wanaoletwa kutoka Kinkondja, wa ukoo wa watu wa Maniema waliofika huku na biashara zao tangu zama za mababu. Mumewe, Ismaili, alipofariki miaka tisa iliyopita, watu walitegemea aiuze pikipiki yake nyekundu au aitafutie dereva. Rehema alikaza ushungi, akaipanda mwenyewe, akaenda sokoni. Kamina ilisema mpaka mate yakawakauka wasemaji, na yeye samaki wake wakanunuliwa kama kawaida.

Wawili hawa walikuwa waoane, miaka thelathini iliyopita. Sefu, kaka yake Rehema, ambaye wakati huo hakuwa Hadji bado, alimwita Amédée nyuma ya duka na kumwambia kwa upole kwamba hana ubaya naye, lakini Mkatoliki hapana. Mama yake Amédée naye akaapa kwamba siku mwanawe atakapoacha misa, yeye atakwenda kulala juu ya reli. Basi kila mmoja akaoa au kuolewa kwingine, akazaa, akazika. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wasemao hivyo hawakumjua Amédée, aliyekimeza kikohozi chake miaka yote hiyo na kuendelea kuuliza bei ya samaki.

Sasa niseme na dhambi yake, maana alikuwa nayo. Kwenye kabureta ya pikipiki kuna skrubu ndogo inayopima hewa na petroli. Kila alipoitengeneza ile nyekundu, ikaimba vizuri, Amédée aliizungusha skrubu hiyo robo tu, kwa upande usiostahili. Hakuna hatari yoyote. Ila siku zikipita, masizi hujikusanya kwenye buji, ile plagi ya kuwashia petroli, pikipiki huanza kukohoa, na mwenyewe hana budi kurudi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imefika mwaka wa tisa.

Mwanzoni mwa mvua za mwaka huu ikaja kampuni kutoka Lubumbashi. Kijana iliyemtuma aliitwa Théo, mwenye viatu vilivyochongoka ambavyo matope ya Kamina yalivimaliza siku ya kwanza. Aliwakusanya wafanyabiashara nyuma ya soko akawaeleza habari ya fursa.

"Ba-papa na ba-mama," alisema, "kobalti inatoka ku kwetu, inaenda mbali, inarudia mu batri, na sisi tunailipia beyi kali. Sasa inchi inataka ba-gari na ba-piki ya moshi iishe, ya courant itengenezwe hapa hapa. Mwenye kuingia wa kwanza, njo mwenye kukula wa kwanza."

Mpango wenyewe wa pikipiki hizo za umeme haukuwa mgumu. Karibu na stesheni kingejengwa kituo cha sola. Pikipiki ikiishiwa nguvu, mtu anaacha betri iliyochoka, anaweka iliyojaa, anaondoka. Nusu ya kituo iwe ya kampuni, nusu iwe ya wafanyabiashara wa Kamina watakaonunua hisa. Na atakayetoa pikipiki yake ya petroli atapata mpya kabla ya wengine. Rehema aliandikisha jina lake kabla ya wote. Alikuwa amechoka kukimbizana na petroli ya chupa kila treni inapochelewa, na alisema hivyo kwa sauti.

Wengine walisita. Hadji Sefu, msemaji wao, alitoa sharti moja: hawatii sahihi mpaka Amédée aweke sikio. Théo alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akakubali kuacha pikipiki moja kwa wiki mbili.

Amédée aliiwasha, akafumba macho, akainamisha kichwa. Kimya. Akadhani haijawaka, akazungusha mkono wa usukani, nayo ikaruka mbele na kugonga pipa la oili. Majirani walicheka siku nzima.

Kuanzia hapo aliitafutia ubaya kwa moyo wake wote. Aliipeleka njia ya Base ikiwa na magunia mawili ya mahindi. Aliitumbukiza kwenye madimbwi, akaiacha nje kwenye mvua, akaipandisha kila kilima alichokijua. Alitaka ife, na kila asubuhi aliikuta hai. Siku ya kumi akaifungua mbavu. Hakukuwa na kabureta. Hakukuwa na buji wala oili. Hakukuwa na skrubu ya kuzungusha robo.

Aliogopa, tena sana. Hakuogopea chakula chake, maana vinu vya mahindi na malori mabovu yaliyopo Kamina yangemlisha mpaka kaburini. Aliogopa mtu mmoja ambaye hangekuwa na sababu ya kuja tena. Mkewe alikuwa amefariki miaka saba iliyopita, watoto wako Kolwezi, na katika mwezi mzima ilikuwepo saa moja tu aliyoingojea, saa ya ile stuli kivulini na sauti ya Rehema ikilalamikia bei za wavuvi.

Na uongo wenyewe ulikuwa mdogo. "Iko na kifua." Maneno matatu, na wote wangerudi nyumbani, Rehema angebaki na pikipiki yake nyekundu. Jumamosi ya mkutano wa kutia sahihi aliyarudia maneno hayo mara tatu akinyoa ndevu.

Ukumbi ulijaa. Rehema alikaa mstari wa mbele, amevaa kitenge kipya, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kuambiwa habari njema. Amédée alisimama, akauona uso huo, na uongo ukamfia mdomoni.

"Bandugu," alisema, "niliitafutia bubaya siku kumi na ine. Haifike Kinkondja na batri moja, ile mukumbuke. Lakini hapa mu ville iko muzima. Iko muzima kupita zetu zote."

Watu walianza kupiga makofi. Hadji Sefu akainua mkono. Yeye ni mtu wa kuipima hata chumvi aliyopewa bure.

"Amédée, ndugu yangu, usikasirike. Piki ya mudogo wangu Rehema inakuya kwako kila mwezi, miaka kenda. Haujapata kuiponyesha. Sasa, kama unashindwa na moja ya petroli, namna gani tukuamini juu ya kintu ya courant?"

Ukumbi ukanong'ona. Swali lilikuwa la haki. Amédée alijua kwamba akinyamaza, watasema sikio limezeeka, karatasi hazitatiwa sahihi, na Rehema atakosa alichokitaka. Alimtazama Théo, akautazama mlango, kisha akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Ile piki haina bugonjwa, Hadji," alisema. "Minyi njo ninaigonjeshaka. Kuko vis moja ku kabureta. Ninaizungulushaka kidogo, alafu kisha mwezi inakohoa."

"Juu ya nini?"

Amédée aliinamia kofia yake.

"Juu Rehema akuye ku kwangu."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Rehema alisimama, akakaza kitenge chake, akatoka bila kumtazama mtu. Nje ile pikipiki nyekundu ikawaka, ikapita soko, ikavuka reli, ikapotea. Amédée aliisikiliza mpaka mwisho, akiwa bado amesimama mbele ya watu mia.

Hadji Sefu aliutazama mlango aliotokea dada yake. Labda alikumbuka mazungumzo ya nyuma ya duka, labda hapana, hajawahi kusema. Hatimaye akachukua kalamu ya Théo. "Muntu mwenye kujivua nguo hivi mbele ya soko," alisema, "hawezi kutudanganya juu ya batri." Akatia sahihi, na wengine wakapanga mstari nyuma yake. Hivyo ndivyo aibu ya Amédée ilivyouza pikipiki za umeme Kamina zaidi ya hotuba zote za kijana wa Lubumbashi.

Pikipiki zenyewe zilifika kwa treni, kwa kuchelewa kama kila kitu. Rehema alichukua ya kwanza, nyeupe. Ile nyekundu aliyoitoa, kampuni ikamuuzia mtu wa Bukama, na Amédée akaambiwa hivyo na muuza mkate, kama habari ya kawaida.

Basi akabaki kungoja. Alijua hakuna cha kungoja, na bado alingoja. Kila pikipiki ya petroli iliyovuka reli ilimnyanyua kichwa kabla akili haijamkumbusha. Kutwa alifanya kazi kwenye injini ya kinu cha mahindi, akiipa barabara mgongo kwa sababu mwanga uliingilia upande ule. Stuli aliiacha kivulini, hakumruhusu mteja yeyote kuikalia, na akiulizwa alisema ina mguu uliolegea. Alitamani kwenda sokoni kwenye meza ya Rehema. Lakini angemwambia nini mwanamke aliyemwaibisha mbele ya mji na mbele ya kaka yake? Jumapili alikwenda misa, akapiga magoti, akakosa la kuomba. Kabla ya hapo hakujua kwamba kumkosa mtu anayeishi mitaa mitatu kutoka kwako kunauma kuliko kumkosa aliye mbali.

Ikawa Alhamisi moja, asubuhi, kivuli kikaanguka juu ya injini.

"Bonjour, Amédée."

Spana ikamtoka mkononi. Rehema alikuwa hatua mbili kutoka kwake, juu ya pikipiki nyeupe, na Amédée hakuwa amesikia chochote.

"Mama Rehema! Iko na shida?"

"Haina."

"Ni mafreni?" aliuliza, akizitazama breki.

"Amédée, haina shida. Niko na hasira na weye, njo maana nilikuya."

"Minajua," alisema, akiitafuta spana chini. "Nilikupatisha haya mbele ya bantu."

"Haya nitaibeba, niko mukubwa. Siyo ile." Alishuka, akaisimamisha pikipiki. "Ile vis, nilijua. Tangu mwaka wa kwanza. Ismaili, Mungu amurehemu, alinifundisha kufungula kabureta. Niliweza kuirudisha na kisu ya samaki, minyi mwenyewe, ku nyumba. Sikuirudisha. Unasikia? Ilikuwa kintu yetu, Amédée. Kintu moja tu tulikuwa nayo sisi babili, na weye ukaipeleka ku réunion."

Amédée aliiacha spana chini. Miaka tisa alijiona mwizi, kumbe mlango ulikuwa umeachwa wazi.

"Unisamehe," alisema. "Ningelijua…"

"Na tena kuko ingine." Sauti yake ilishuka. "Siku kumi na mbili ninapita hapa, asubuhi na magaribi. Nikifika hapa ninapunguza mwendo. Juzi nilisimama kabisa pale ku barabara, bantu bakinipita. Weye, hata kuinua kichwa, hapana."

"Sikukusikia, Rehema. Wafwako, tafazali, nakuapia, sikusikia kitu."

"Njo ile minasema. Miaka yote unanisikilizaka. Ninaikala pale ku kiti, ninasema, weye macho iko mu kabureta. Haujanitazama tangu tulikuwa ba-jeune."

Ilikuwa kweli. Alizijua hatua zake, kikohozi chake, bangili zake zinavyogongana akishusha ndoo ya samaki. Lakini uso aliolala nao moyoni miaka thelathini ulikuwa wa msichana wa miaka ishirini, kwa sababu baada ya pale aliogopa kuutazama mwingine, watu wasije wakamsoma.

Akajifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akainua macho na kumtazama. Mvi zilikuwa zimechungulia chini ya ushungi. Jicho la kushoto lilikuwa limekuwa dogo kuliko la kulia. Jua la sokoni lilikuwa limemchora mistari miwili kutoka puani mpaka mdomoni, na kidevuni alikuwa na alama ya kuungua ambayo Amédée hakujua aliipata lini, wala nani alikuwepo kumpulizia.

Rehema hakugeuza uso. Midomo yake ilitetemeka kidogo, naye akaiacha itetemeke.

"Minazeeka, siyo?" aliuliza.

"Ngoja," Amédée alisema. "Sijamaliza kutazama."