Chumba Kisichopoa

Mwaka wa tatu chuo kilitulazimisha kusoma somo la mazingira endelevu, na mhadhiri akatuchanganya kwa kura, kila kundi watu wa vitivo tofauti, eti tufundishane. Mimi ni wa sosholojia. Nikaangukia kwa Bektemir wa ujenzi, anayeelewana na kikokotoo kuliko na watu, na Mahliyo wa uchumi, Mwuzbeki wa mji wa Osh, ambaye hata chai ya bure anaulizia bei yake. Mwezi mzima tulibishana tu. Kila mmoja aliona wenzake wanasomea upuuzi.

Kilichotupatanisha ni sufu. Sufu ya kondoo wetu ni ngumu, hainunuliwi siku hizi, wachungaji wanaitupa makorongoni. Na jiji letu zima la Bishkek linachoma makaa ya mawe tangu theluji ya kwanza, mpaka huoni mwisho wa mtaa wako. Tukaamua kuishindilia hiyo sufu iwe mbao nene, tuzipigilie kuta za chumba kimoja, tupime kama joto litakaa. Chumba kilikuwa cha baba yangu. Wenzangu walikaa bwenini, na baba alikuwa mgonjwa wa kifua, hivyo hakuna aliyestahili joto kuliko yeye.

Bektemir alitaka jiko lizimwe siku mbili za Januari, aone chumba kinapoa kwa kasi gani. Alisema bila kipimo hicho hatuna mradi, tuna chumba kilichopambwa. Miradi ilikuwa inashindanishwa, na kundi la kwanza lingepewa fedha za kufanya mtaa mzima, na Mahliyo alishapiga bajeti mpaka ya misumari. Kazi ya kumshawishi baba ikawa yangu, kwa kuwa ndiyo niliyosomea, kuongea na watu. Baba aliendesha basi miaka mingi na hakuzoea kushawishiwa.

"Mwambie huyo fundi wako aje alale yeye," alisema. "Mimi si kiazi, mwanangu, niwekwe stoo."

Alifariki Januari hiyohiyo, baada ya sala ya alasiri, chai yake ikiwa nusu. Ua wetu ni mwembamba na nusu yake ni makaa, hema la sufu tunalolazia wafu wetu lisingeenea. Ami akaamua baba alale chumbani mwake. Jiko likazimwa, maana maiti hailazwi penye moto. Kipimajoto alichokifunga Bektemir, kinachojiandikia chenyewe, kilibaki ukutani kikiandika. Hakuna aliyekikumbuka.

Sikulia. Kwetu binti humlilia baba yake kwa maneno, kwa sauti, amegeukia ukuta na mikono kiunoni, mpaka wanaume waliosimama nje wasikie. Niligeukia ukuta. Nikaona mbao zetu za sufu, nikaona msumari mmoja umekwenda upande, nikawaza kwamba unafaa kung'olewa upigwe upya. Mama alikuwa akiomboleza pembeni yangu na nilimsikia kama redio ya jirani. Shangazi Burulcha akanifinya.

"Hulii hata kwa aibu tu?" akaninong'oneza.

Aibu yenyewe sikuwa nayo. Nje wanaume walingoja sauti yangu, na walipochoka kuingoja wakaanza kunisema, nami nikasikia walichosema, na hakikuniuma.

Jambo jingine ni kwamba chumba hakikupoa. Wanawake waliingia kukesha na makoti mazito, asubuhi wakayavua. Ami akaingia, akagusa ukuta, akaguna, akasema basi tusichelewe kuzika, maiti haivumilii joto. Tukamzika adhuhuri ya siku iliyofuata.

Baada ya siku ya saba walikuja wenzangu. Mahliyo alishika bakuli la maandazi na kwa mara ya kwanza hakutaja bei ya kitu. Bektemir alisimama mlangoni, kofia mkononi, macho yakikwepa ukuta. Hakuomba. Nilikibandua kipimajoto mwenyewe nikampa.

"Una hakika?" akauliza.

"Jiko lilikuwa limezimwa. Si ndicho ulichokitaka?"

Yalikuwa maneno ya kikatili. Nayo hayakuniuma.

Maabarani, mstari wa joto ulionekana kwenye kompyuta ukishuka taratibu mno. Bektemir akafurahi, kisha akaona haya kwa kufurahi. Ila alihitaji kuliondoa hesabuni joto la watu, maana mtu aliyeketi hutoa joto kama balbu ya zamani ya wati mia. Akauliza waliokesha humo walikuwa wangapi. Nikasema saba.

Akapiga hesabu, ikagoma. Akarudia. Mahliyo akaipiga upya kwa kalamu, ikagoma vilevile.

"Nurzat," Bektemir akasema, "kwa watu saba chumba kingekuwa na joto zaidi ya hili. Kuna mtu amezidi. Labda mmoja alitoka?"

"Wanaokesha na maiti hawatoki."

"Basi nitajie mmoja mmoja."

Nikahesabu kwa vidole. "Mama. Shangazi Burulcha. Shangazi Seide. Mke wa ami. Zuura, jirani yetu. Mimi." Kidole cha saba kilikuwa kimeshanyooka, na mdomo ulikuwa umeshasema: "Baba."

Bektemir akaondoa mikono kwenye kompyuta. Mahliyo akaweka kalamu chini.

"Sita," nikasema. "Andika sita."

Akaandika. Akangoja kidogo. "Imekubali," akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Nikasimama. Ukuta wa karibu ulikuwa na ratiba ya maabara, nikaugeukia huohuo, nikaweka mikono kiunoni, na sauti ikatoka, kubwa, na maneno yake yote, jina la baba na basi lake na chai yake. Iliniuma kila mahali. Mahliyo, ambaye maneno yetu ya kulilia wafu hayajui, akaja akasimama kando yangu naye akautazama ukuta. Koridoni watu walianza kutoka madarasani. Bektemir akaenda kufunga mlango, nikamwambia auache wazi.