Stima ya Akiba

Joyline Nyamoita alitoka kwao Kuria, upande wa Migori, mwaka wa 1997, akaajiriwa na chama cha ushirika kilichokuwa na mtambo wake mdogo wa stima kisiwani Rusinga. Kijaluo hakukijua. Aliongea na watu kwa Kiswahili, nao wakamjibu kwa Kiswahili chao, na mambo yakaenda.

Mtambo wenyewe ulikuwa injini moja ya dizeli. Mchana ilinguruma bila shida, lakini jioni, watu walipowasha taa na redio kwa pamoja, ililemewa, na taa zikafifia hadi zikawa nyekundu. Ndipo chama kilipotafuta betri kuukuu za mitambo ya simu, kila moja nzito ya kubebwa na watu wawili, kikazipanga zikajaa chumba kizima. Mchana injini ilizijaza. Jioni zilirudisha stima kwenye nyaya, zikaipunguzia injini mzigo. Joyline ndiye aliyezitunza: aliziongezea maji, akasugua vichwa vyake, akapima nguvu iliyobaki.

Alikaa kwa Mama Benta, mjane aliyeuza samaki sokoni. Benta hakuwa na binti. Alimpikia Joyline, akamwita nyathina, yaani mwanangu, na mgeni yeyote akiuliza ni nani huyu, aliambiwa ni wa hapa nyumbani.

Asubuhi moja ya Februari injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Joash, mwenyekiti wa chama, aliifungua na kukuta pampu ya mafuta imepasuka.

"Naenda Homa Bay," akasema, akipangusa mikono. "Nikiikosa huko, itabidi Kisumu. Basi usinitarajie leo."

Betri zikabaki peke yao. Joyline alikuwa bado anapima wakati Osoro, daktari wa zahanati, aliposimama mlangoni.

"Nina mtoto wa nimonia kwa mashine ya oksijeni," alisema. "Stima itafika hadi kesho?"

Joyline alipiga hesabu. Zikilisha zahanati na friza za samaki kule sokoni pamoja, zingeisha kabla ya jua kuchwa. Zikilisha zahanati peke yake, zingefika kesho, labda na ziada kidogo.

"Itafika," alimjibu.

Osoro alipoondoka, Joyline alikata laini ya sokoni. Alijua Benta alikuwa amejaza friza yake samaki wabichi wa mbuta asubuhi ile ile, hata hawajashika baridi. Sokoni kulikuwa mwendo mfupi tu. Hakwenda. Alijua akimwona mama yule usoni, mkono wake ungerudi kwenye swichi. Akafunga mlango kwa ndani, akaketi katikati ya betri na harufu yake ya asidi.

Wachuuzi walipoona stima imekatika walidhani ni kama siku zote, itarudi sasa hivi. Jua liliwaka juu ya mabati. Walifunga vifuniko vya friza, wakangoja.

Alasiri gari la Joash likaonekana likija kwenye tuta linalounganisha kisiwa na Mbita. Pampu ilikuwa imepatikana Homa Bay, duka la kwanza tu. Kabla ya magharibi injini ilikuwa inanguruma. Betri zilikuwa na zaidi ya nusu. Mtoto alikuwa anapumua vizuri, na samaki wa Benta walikuwa wameoza.

Benta alimkuta Joyline nje ya chumba cha betri.

"Ni wewe ulizima?"

"Ni mimi, Mama. Kulikuwa na mtoto zahanati. Sikujua Joash atarudi leo."

"Hiyo Osoro ameniambia. Hata mimi ningezima." "Lakini mbona hukuniambia, nyathina? Asubuhi samaki ilikuwa mzuri. Ningepasua, nitie chumvi, nianike. Jua lilikuwa hapo bure. Mimi nimekaa pale nikingoja stima, na wewe unajua haiji."

"Niliogopa utanililia."

"Basi ningelia. Ningelia nikipasua samaki."

Siku nzima Joyline alikuwa amejiona mtu mgumu aliyefanya jambo gumu, kumbe lililokuwa gumu ndilo alilolikimbia. Alitaka kusema pole, lakini Benta alikuwa ameshageuka.

Usiku ule chakula kiliwekwa mezani kama kawaida, nao wakala. Joyline hakuhama, wala Benta hakumwambia ahame. Ila wiki kadhaa zilipita kabla Benta hajamwita tena nyathina. Muda huo wote alimwita Joyline tu, kwa upole, kama vile watu wote wa sokoni walivyomwita.