Mlango Usioshika

"Mlango wako unagonga tangu Ijumaa, mdogo wangu! Unataka tuhame mtaa?"

"Dada, nimeuegemezea gunia la mchanga. Nifanye nini tena?"

"Ubembeleze basi, ulale!"

Mpimaji wa moyo alikuwa akigombana na jirani yake, mke wa fundi cherehani. Mlango wa mpimaji ulifunguka na kujifunga mara themanini na nane kwa dakika, pasipo upepo. Kila ulipojifunga ulibakiza nafasi ya vidole viwili, na takataka zilizofagiwa nje zikarudi sebuleni. Seremala alikuja, akasema bawaba nzima, mbao nzima, akaondoka na patasi yake. Mtaa ulishauzoea, watoto waliruka kamba kwa mapigo yake.

Mke wa fundi akatega sikio.

"Huo ni moyo wa mume wangu," alisema. "Nimeulalia miaka ishirini na miwili, siwezi kuukosea."

Mpimaji hakubisha. Aliujua tangu Jumamosi. Ijumaa alikuwa amempima fundi wodini, mgonjwa kalazwa usingizi kwa dawa, mashine inampumulia, presha iko chini. Na presha ikiwa chini, moyo hausukumani na kitu, hivyo huficha unavyovuja. Daktari alimwagiza arudie kipimo presha ikipanda. Lakini nyumbani kwake wageni walikuwa wakimngoja, kicheko mpaka barabarani. Akaandika bila kurudia: "Kimerudiwa. Vali inavuja kidogo." Madaktari wakalifuta jina la fundi kwenye orodha ya upasuaji.

"Si wewe uliyempima? Niambie basi. Mlango wa moyo wake haufungi?"

Kurudia kipimo ni dakika ishirini. Fundi alikuwa hai bado. Lakini kurudia ni kukiri kwamba hakikurudiwa, na mpimaji alikuwa na jina zuri pale hospitalini.

"Ni mashine tu, dada. Inausumbua moyo. Utatulia."

Aliyasema hayo akizitazama kandambili zake. Uso ulimwaka kama aliyeshikwa ugoni. Mlango ukagonga, ukaingiza vumbi.

"Mungu akuweke," mke wa fundi alisema, akamfuta jasho kwa ncha ya kanga yake. "Wodi nzima hakuna anayenieleza kitu ila wewe. Nami nakuja kukufokea! Nisamehe."

Mpimaji akamsamehe.

"Umekonda kwa ajili yetu. Achana na huo mlango, njoo ndani ule. Mkono wangu bado unapakua sahani mbili."