Mteja wa Kudumu

Siok-hun aliwaambia mwenyewe. Mimi ni nesi, siruhusiwi kutaja jibu la kipimo cha mtu mbele ya mwingine, na kwa aibu niliyonayo nisingethubutu hata kama ningeruhusiwa. Lakini Alhamisi ile, siku yangu ya kuwatembelea, wanawake wa nyumba ya chai ya Mama Khim walipokuwa wanakula kabla wateja hawajaanza kuja, aliweka karatasi mezani akasema, "Nina homa ya ini, ile ya B. Mjue."

Alhamisi iliyofuata nilimkuta anakula peke yake kando ya mashine ya karaoke. Bakuli lake lilikuwa limefungwa uzi mwekundu ili lisichanganyike na mengine. Wenzake walizunguka sufuria moja ya supu ya samaki, kila mmoja akichovya vijiti vyake vya kulia humo humo.

"Nesi, usinitazame hivyo," alisema Bi-tsu. "Ini langu ni moja tu."

"Haiambukizwi kwa chakula, shangazi."

"Ongea kwa sauti, mwanangu. Hatukuli, tumeshashiba."

Wakacheka. Uso wangu ukawaka moto. Nikarudia: kwa bakuli hapana, kwa vijiti hapana. Ni kwa damu, na kwa kulala na mtu bila mpira.

"Mpira tunatumia," Mama Khim akaruka. "Nyumba yangu haina mchezo."

"Kwa wageni," alisema Siok-hun bila kugeuka. "Na Liau je?"

Katika nyumba ile, mteja akitimiza mwaka hapewi mpira tena. Hapo ndipo anapojua kwamba amekuwa mtu wa ndani. Kumpa mpira baada ya hapo ni kumrudisha mlangoni. Bwana Liau, fundi saa aliyestaafu, alikuwa mteja wa Siok-hun miaka sita. Tangu majira ya joto alikuwa wa Bi-tsu, na heshima hiyo alihama nayo.

"Kumbe wewe ndiye uliyemwambukiza," alisema Bi-tsu.

"Au yeye ndiye aliyeniambukiza mimi. Nani ajuaye? Ndiyo maana nilisema. Ningenyamaza, saa hizi ningekuwa nakula nanyi hapo."

Jibu la Bi-tsu nilikuwa nalo mkobani. Nilimwita jikoni, nikafunga mlango. Hakuwa na virusi, lakini hakuwa na kinga pia. Alizaliwa miaka mingi kabla watoto hawajaanza kuchanjwa.

"Mara ya mwisho naye ilikuwa lini?"

"Jumatatu."

"Nikikuchoma sindano ya chanjo leo huenda tukawahi. Halafu mpira, shangazi, hata kwake. Naye akapime."

"Ataniacha."

"Labda."

"Labda! Wewe una mshahara, mtoto. Mimi nina Liau." Alifungua bomba, akaosha mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Anakuja saa nane. Sindano yako isubiri. Nikilala naye vile vile bila mpira, ya nini kujichoma?"

Nilipaswa kumwambia kwamba sindano ina faida vyovyote vile. Nilisema "sawa," na mpaka leo neno hilo linanisumbua.

Bwana Liau alifika na mfuko wa mapera, akamsalimu kila mtu isipokuwa Siok-hun. Wakapanda juu. Mama Khim akawasha redio. Hata hivyo tulimsikia Liau.

"Leo mimi ni mgeni? Bi-tsu! Mimi ni mgeni?"

Bi-tsu alijibu kwa sauti ndogo ambayo haikutufikia. Baada ya muda viatu vilishuka ngazi kwa kishindo. Bwana Liau alitupita bila kuaga, na mapera yake mkononi.

"Hata tunda moja hakuacha," Mama Khim alinong'ona. "Mzee bahili huyu."

Bi-tsu alishuka taratibu, akiwa bado anafunga vifungo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimemwambia akapime. Anasema yeye si mgonjwa, wagonjwa ni sisi." Akakaa mbele yangu, akakunja mkono wa blauzi. "Haya, choma."

Siok-hun aliinuka, akaja na kiti chake hadi kando ya Bi-tsu.

"Usinishike," alisema Bi-tsu.

"Sijakushika."

"Basi kaa hapo."

Siok-hun akakaa. Nilikuwa sijafungua hata pamba, na Bi-tsu alikuwa ameshafumba macho.